Ladha ya Kooni

Sabina wa Endamarariek alikuwa na kijicho, na hakikuwa cha jana wala juzi. Mdogo wake Blandina alipoolewa na dereva wa watalii, Sabina aliugua wiki nzima. Blandina alipoezeka bati jekundu, Sabina alilitukana jua kwa kuling'arisha. Walilingana kwa kitu kimoja tu: masikio. Yalitoboka ngoma tangu utotoni, yakawa yanatoa usaha, na kanisani waliketi benchi la nyuma peke yao kwa sababu ya harufu.

Basi madaktari wakaja Karatu kwa siku chache kuziba ngoma zilizotoboka.

"Lakini kiraka hakishiki kama mrija unaotoka sikioni kwenda nyuma ya pua umeziba," muuguzi Katarina aliwaeleza. "Nitakudondoshea dawa sikioni, umeze mate. Ukisikia ladha kooni, niambie ni ladha gani."

Blandina akaingia, akatoka anacheka. "Dada, tamu! Kama sukari! Nimeandikwa, napasuliwa leo leo."

Tamu! Jamani, hata dawa kwake iwe tamu? Sabina akaingia kwa Katarina, akaketi moyo unamfuka. Akadondoshewa, akameza, akameza tena. Mara kooni pakafika kitu kichungu kama mwarobaini. Yaani mwenzake sukari, yeye shubiri? Ili waseme mrija wake mbovu, wamwache? Thubutu!

"Tamu," akasema. "Tamu kuliko hata ya mdogo wangu."

Katarina akaweka kalamu chini. "Mama, wewe nimekuwekea chungu. Tunabadilisha, maana mnaambiana huko nje."

"Ndiyo, chungu! Nimeisikia chungu, haki ya Mungu! Nipime tena!"

"Ladha ni mbili tu, na zote umeshazijua; nitapima nini? Daktari hapasui kwa kubahatisha, na kesho wanaondoka. Rudi mwakani."

Nafasi akapewa mwanamke wa Mbulumbulu. Sabina alimwona akipita na shuka lake, akatamani kumng'oa nywele.

Jioni alikaa wodini kando ya kitanda cha Blandina, ambaye kichwa chake kilikuwa kimezungushiwa bandeji.

"Lakini dada, ladha uliisikia. Si ungesema tu ilivyokuwa?"

Sabina akainamisha uso. "Nilitaka kama yako."

"Eti? Sikusikii, sema kwa nguvu."

"Nilitaka kama yako!" akapaza sauti, na wodi nzima ikageuka kumtazama.