Sufuria ya Binkubala

Mwanamke anakaanga binkubala kando ya barabara, na harufu yao ya moshi na majani makavu inanirudisha jikoni kwetu Kapata, Kolwezi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi, enzi za Mobutu.

Mdogo wangu alikuwa amevimba miguu, nywele zimegeuka nyekundu. Mama alimpikia bukari, yaani ugali wa mahindi, na binkubala, wale viwavi wakavu wa porini, akawa anamtafunia kwanza kila mmoja. Ndipo akaingia mwalimu wa akina mama aliyetumwa na kampuni ya mgodi kukagua nyumba zetu. Alifunua sufuria kwa ncha ya kalamu.

"Mama, mutoto iko mugonjwa, na weye unamupatia badudu? Bashenzi njo banakulaka hii. Nyama na maziwa njo inajengaka mwili."

"Nyama ya posho inaishaka mbele mwezi iishe, citoyenne," mama alijibu polepole, akimwita "raia" kama ilivyoamriwa siku hizo.

"Basi umupe bukari tu. Hii umwange."

Baadaye nilisoma kwamba mwili hujijenga kwa asidi amino, na kwamba baadhi yake hauwezi kujitengenezea, lazima zitoke kwenye chakula. Unga wa mahindi una upungufu wa hizo. Binkubala wanazo tele. Mwalimu yule, kitabu chake kilikuwa na picha ya jibini. Jibini, Kapata! Mdogo wangu alimalizia siku zake kwa bukari kavu.

Na mama, aliyeimwaga sufuria ile kwa mikono yake mwenyewe, alimsindikiza mgeni hadi barabarani, akainamisha kichwa, akasema, "Merci, citoyenne."