Angella na "Nzuri" Yake Kliniki

Mimi Twaibu, mlinzi wa jengo huku Bur Dubai, nikikohoa tu gari linarudi nyuma lenyewe. Mpwa wangu Angella hakurithi hata punje ya sauti hii. Mwaka 2014, mimba yake ikiwa na miezi minane, nilitoka zamu nikampeleka kliniki karibu na chumba chao mtaa wa International City. Mumewe, Hudson, alikuwa kazini. Uso ulimvimba Angella kama andazi, kichwa kikimgonga tangu jana yake.

"Madam, hali yako?" muuguzi akauliza bila kuinua macho.

"Nzuri, asante."

Kwetu Uganda ndivyo tulivyolelewa: hata unakata roho, unajibu nzuri kwanza, ndipo unaleta "ila". Ila ya Angella haikusubiriwa.

"Vizuri. Kaa pale."

Nyuma yetu akaja mama wa Kizungu, naye mjamzito, akilalamikia kichwa. Huyo akaingizwa papo hapo, akafungwa kipimo cha presha.

"Sista, na huyu wangu kichwa kinamuuma," nikasema.

"Si kasema yuko vizuri? Nyinyi Waafrika mna nguvu, mnazaa bila kelele. Yalla, haya, subirini."

Angella akaanza kupapasa kiti. "Mjomba, sikuoni vizuri."

Mimi, nisiyeogopa hata arbab, bosi wangu, akifoka, hapo niliogopa. Lakini sare ya kazi nilikuwa nayo mwilini. Nikaenda kusimama mlangoni kwa daktari, mikono nyuma, kidevu juu. Foleni nzima ikadhani mimi ndiye mlinzi wa pale. Mgonjwa aliyeitwa akarudi kukaa.

"Haingii mtu mpaka huyu apimwe presha!"

"Wewe mlinzi wa wapi?" muuguzi akafoka.

"Wa huyu!"

Daktari akatoka kutazama kelele. Akamwinamia Angella. "Hali yako, mama?"

"Nzuri..."

"Angella!" nikanguruma. "Anza na ila!"

"Kichwa kinapasuka, daktari. Macho yanaingia giza."

Akamfunga kipimo mwenyewe, akatazama, akaita ambulansi kwa sauti kushinda yangu. Presha ya mimba. Kidogo tu kifafa cha mimba kingemwondoa yeye na mtoto. Muuguzi akaitazama ile namba mara mbili.

Hospitali wakampasua siku hiyo hiyo. Mtoto wa kike, mdogo kama kiatu changu, analia kama mimi.

Angella alipofumbua macho nikamuuliza, "Hali yako, mwanangu?"

"Kidonda kinauma, mjomba," akasema. "Ila nzuri."

Nikamwambia Dubai imemharibia adabu. Akacheka, akashika tumbo.