Ugomvi wa Kwanza wa Fundi Makochi

Karakana nzima ilimwita Misumari, kwa sababu kutwa alikuwa na misumari midogo mdomoni, akiitoa mmoja mmoja na kuipigilia kwenye mbao za makochi. Mdomo uliojaa chuma hausemi, kwa hiyo aliwaongoza wenzake kwa mikono. Kiganja kilicholala: lete sponji. Vidole viwili vinavyokata hewa: mkasi. Ngumi: usiniudhi. Wote walimwelewa. Binti yake, aliyepoteza usikivu kwa homa kabla hajajua kusema, ndiye pekee ambaye hakupata ishara hata moja kutoka kwake.

Daktari fulani alimwambia zamani kwamba mtoto akiachiwa mikono atakuwa mvivu wa kutamka. Misumari akalishika neno hilo kwa ukali wake wote. Mezani alimlazimisha binti akalie viganja vyake mwenyewe, akamshika kidevu: "Sema maji. Sema." Mtoto alitoa sauti kama bawaba kavu. Mkewe alijifunza lugha ya alama kwa siri, kutoka kwa akina mama wengine shuleni kwa binti, na tangu hapo kila neno kati ya baba na binti lilipitia kwake.

Sasa binti ameolewa, amejifungua, na ujumbe umefika.

"Mwanao anasema mjukuu hutampakata mpaka uongee naye mwenyewe," mkewe alisema, akikunja nguo. "Kwa mikono. Mimi nisiwepo katikati."

"Amesema hivyo, au umetia chumvi?"

"Nimepunguza."

Akaenda darasa la lugha ya alama kwa hasira, kama mtu aliyeitwa polisi. Lilikuwa chumba cha shule ya msingi, kila Jumamosi, na madawati yaliyofanya magoti yake yagongane na kidevu. Mwalimu alikuwa kiziwi, msichana wa umri wa binti yake, na sheria yake ilikuwa moja: sauti inaachwa mlangoni. Misumari alimchukia. Alizichukia chaki, aliwachukia vijana walioshika maneno kumi yeye akihangaika na moja, na zaidi alivichukia vidole vyake, vinene, vilivyojaa makovu ya nyundo, ambavyo kazini vilikuwa na akili na hapa vilikuwa mabua.

Siku moja mwalimu alimtazama akisalimia, akaandika ubaoni: Mzee, unapiga kelele.

"Sijafungua mdomo," alisema kwa sauti, akavunja sheria.

Muuguzi aliyekaa karibu naye alimnong'oneza, "Mikono, baba. Unasalimia kama unapigilia kochi."

Kweli. Kila ishara yake iliishia kwa pigo. Alisimama, akatoka, akaubamiza mlango hadi vioo vikatetemeka. Dirishani aliwaona wanafunzi wote wamegeuka. Mwalimu alikuwa anafuta ubao, taratibu, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwake hakikutokea. Misumari alisimama pale uani na hasira yake yote mkononi, haina pa kwenda. Jumamosi iliyofuata alirudi.

Karakanani walimcheka alipofanya mazoezi.

"Misumari, unafukuza nzi?"

"Nakutukana," alijibu, "kwa adabu."

Ilipita miezi kabla hajathubutu kwenda kwa binti yake. Binti alifungua mlango, mtoto begani. Mkewe alibaki nyuma, mikono kifuani. Misumari aliinua yake: Mimi baba yako. Nimekuja kumwona mtoto. Mapigo yalikuwa yamepungua, hayakuwa yamekwisha.

Binti hakulia, hakutabasamu. Kwa mkono mmoja ulio huru akajibu: Umechelewa.

Ishara hiyo aliijua. Ikamchoma. Nimejifunza, alijibu.

Sasa?

Hapo naye akawaka. Alikuwa amejikunja kwenye madawati ya watoto, amechekwa na vijana, na huyu anamwambia sasa? Daktari alisema, alianza, lakini ishara ya daktari ikamtoroka, akajishika mshipa wa mkono, akajionyesha koo, akapiga hewa kwa ngumi. Binti alielewa. Uso wake ulikunjamana. Aliinua mkono kujibu, akauteremsha, akauinua tena. Alichotaka kusema hakikutosha kwenye mkono mmoja.

Mama yake alinyoosha mikono kumpokea mtoto. Binti akampita. Akamsukuma baba yake kwenye kiti, akamweka mtoto mapajani mwake, akarudi nyuma hatua mbili, na mikono yake yote miwili ikaanza.

Ilikuja haraka. Misumari alidaka harusi. Alidaka nguo. Alidaka wewe, mara nyingi. Alitaka kumkatiza, kujitetea, kumwambia naye apunguze kelele, lakini kichwa cha mtoto kilikuwa kimelala kwenye kiwiko chake, kizito na chenye joto, na mkono mwingine ulishika miguu. Hakuwa na mkono wa kujibia.

"Nikutafsirie?" mkewe aliuliza.

"Usiingilie," alisema, bila kuondoa macho.

Akamtikisia binti kichwa: sijaelewa.

Binti alishusha pumzi. Akaanza upya, polepole, neno kwa neno, kwa hasira ileile: Siku ya harusi yangu. Ulimwambia mama aniambie nimependeza. Ulikuwa umesimama mbele yangu.