Karatasi Safi ya Kichwa cha Baba

Kabla ya uhuru, katika Bukavu nzima, Mwafrika aliyejua kuendesha mashine ya kuandika umeme wa kichwa alikuwa mmoja, na huyo ni mimi. Nilitoka kijijini Mumosho bila viatu, nikasoma Léopoldville, nikarudi na diploma na koti jeupe. Hakuna aliyenisaidia. Ninasema hilo kwanza ili yanayofuata yasidhaniwe kuwa kosa la mtu asiyejua kazi.

Baba alikuja hospitali kwa miguu, amevaa koti langu la zamani. Alikuwa ameanza kuanguka. Mara mbili walimkuta amelala kwenye mteremko wa mto Ruzizi, kamba ya ng'ombe mkononi, hakumbuki lolote. Kaka yangu alitaka ng'ombe auzwe na mzee akae nyumbani. Baba akasema atafuata neno la mwenye diploma tu.

Nilimkalisha, nikaanza kumbandika nyaya kichwani. Alinishika mkono.

"Mutoto yangu, moyo ndiyo inaanza. Inasimama kidogo, kisha kichwa inazimika. Weka sikio hapa."

Wagonjwa kwenye benchi walikuwa wakitutazama, na daktari Mzungu alikuwa mlangoni. Mimi nilaze sikio kifuani mwa mzee, kama mganga wa kijijini?

"Papa, kufikiri iko mu kichwa. Nilisomea hiyo."

"Basi diploma yako haina masikio," akasema, na benchi zima likacheka. Nikawasha mashine kwa hasira.

Kalamu za mashine ile huandika mawimbi ya kichwa, lakini pigo la moyo nalo hujipenyeza kupitia nyaya za masikioni na kuacha vijino vidogo, kimoja kwa kila pigo. Tulifundishwa kuviita uchafu. Fundi mzuri husogeza nyaya mpaka vipungue, na kwa usafi wa karatasi hakuna aliyenishinda, hata Wazungu walionifundisha. Karatasi ya baba ilikuwa chafu. Nikabonyeza waya wa sikio la kushoto, vijino vikatoweka. Nikatabasamu. Mawimbi yakawa makubwa na ya polepole, baba akafumba macho. Vijino viliporudi, akafumbua. Pembeni niliandika: uzee. Daktari akaisifu karatasi, akatia sahihi. Mashine ya moyo ilikuwa chumba cha pili, sikumpeleka.

Nilimwambia baba abaki na ng'ombe wake.

Wiki iliyofuata kaka alikuja kunichukua. Walikuwa wamemkuta baba amekufa kwenye mawe chini ya mteremko, kamba mkononi, ng'ombe akila majani kando yake. Kaka hakunilaumu. Aliuliza tu karatasi ilisema nini.

Baada ya mazishi niliikunjua mezani. Karatasi hutembea mashineni kwa mwendo mmoja, kwa hiyo niliipima kwa rula. Pale nilipojivunia mkono wangu palikuwa na sekunde kumi bila kijino hata kimoja, na mawimbi yalianza kulegea katikati ya ukimya ule, si kabla yake. Moyo ulitangulia, kichwa kikafuata. Waya wa sikio haukuwa umefanya kitu.

Kaka nilimjibu kwamba karatasi ilisema uzee. Sikumdanganya, neno hilo limo. Mwandiko ni wangu.