Mkono wa Kerubo

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Mkuu wa Lishe alinikuta nikipima watoto uzito wodini, hapa Kericho, akanipa utepe wa kupimia mkono. "Ini likiugua, tumbo hujaa maji," akasema, "na maji yana uzito. Mtoto kama huyo mpime mkono." Niliyaandika maneno hayo kwa sababu nilimwogopa, si kwa sababu niliyaelewa.

Niliyaelewa miaka mingi baadaye, nilipohamishiwa kituo cha afya upande wa Kiptere. Mama mmoja mchuma chai alimleta bintiye, Kerubo, wa miaka miwili, aliyezaliwa na ugonjwa wa ini. Macho yake yalikuwa ya manjano. Tabibu msimamizi alitazama mizani, kisha kadi ya zahanati ya shambani, akafurahi.

"Ameongeza kilo nzima. Waende nyumbani."

Nikazungusha utepe kwenye mkono wa Kerubo. Ulikuwa mwembamba kuliko ilivyoandikwa kwenye kadi ileile. Tumbo lilikuwa limetuna.

"Kuna mahali anatoka damu?" nikamwuliza mama.

"Kwa ufizi, madam. Akitafuna tu."

"Unampikia nini?"

"Ugali na sukuma ya kuchemsha. Majirani walisema mafuta inaharibu ini, nikaacha. Hata maziwa niliacha."

Alisema hayo kwa fahari. Alikuwa amemnyima mtoto ili asikosee. Nikamweleza polepole. Ini hutoa nyongo, nayo husaidia mwili kupokea mafuta. Nyongo isipofika tumboni, mafuta mengi hupita bure, pamoja na vitamini A, D, E na K. Bila K damu haigandi vizuri. Bila D mifupa hulegea. Mtoto huyu alihitaji chakula kingi kuliko wenzake, si kidogo.

"Daktari, huyu asiende nyumbani," nikasema. "Hiyo kilo ni maji."

"Wewe ni wa lishe. Matibabu niachie mimi."

Nikaweka utepe juu ya kadi, mbele yake, nikamwonyesha vipimo viwili vya mkono. Aliutazama, akambonyeza mtoto tumbo, kisha akaita ambulensi mwenyewe. Hospitalini Kerubo alidungwa vitamini K, na damu ikakoma.

Aliporudi, niliwatembelea kila wiki. Tulipika uji wa wimbi wenye maziwa na yai, tukaongeza mafuta ya nazi, ambayo hayategemei sana nyongo. Alikula kidogo kidogo, mara sita kwa siku, na vitamini zake kwa kipimo cha daktari. Mkono ukaanza kujaa.

Nimestaafu sasa. Vijana wa lishe wakiniuliza kama kazi hii huponya, huwa nawaambia kwamba ini hatuliponyi. Tunampa mtoto nguvu ya kuishi nalo na kungoja matibabu makubwa, ya kupandikizwa ini jingine. Mwezi uliopita nilikutana na mama Kerubo sokoni Kapsoit.

"Ini bado halijapona, madam," akaniambia.

"Najua, mama."

"Lakini shuleni wamemchagua kukimbia."

Akacheka hadi akaweka kikapu chini.