Filamu Niliyompelekea Mzee wa Makere

Mwanamume mwenye akili zake, akienda kujipendekeza kwa mkwe mtarajiwa, hubeba sukari na kitenge. Mimi nilibeba sukari, kitenge na filamu ya vita.

Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, mgane, mwalimu niliyehamishiwa Kasulu kutoka Singida, na nilitaka kuoa tena. Mwanamke mwenyewe, muuza vitambaa sokoni, alikwishakubali. Kikwazo kilikuwa baba yake, mkulima wa Makere aliyeingia nchini kama mkimbizi kutoka Burundi na sasa ni raia kama mimi. Alikuwa na swali moja tu: "Huyo mwalimu si mzee?" Na binti alishaniambia wazi kwamba bila baraka ya baba, ndoa hakuna.

Swali hilo liliniuma, hasa kwa kuwa lilikuwa la haki. Nywele nilipaka piko kuficha mvi, na nikiinama kuokota chaki, darasa zima lilisikia magoti yakilia. Ndipo nikakumbuka kwamba shujaa wa filamu niliyemhusudu ujanani alikuwa ametoka na sehemu ya pili. Amezeeka, mvi tupu, lakini anarudi kwenye nchi yenye vita vya kweli na kufyeka jeshi zima peke yake. Nikaona nimepata wakili. Mzee akishamwona mtu wa rika langu akivunja watu shingo, atasema nini tena?

Jumapili baada ya ibada nikafungua laptop sebuleni kwake. Ilikuwa ile iliyotiwa Kiswahili na mtafsiri wa Dar, mtu anayepiga kelele kuliko mabomu yenyewe. Binti alikuwa jikoni. Kila shujaa alipoua, nilimtupia mzee jicho la pembeni, nimevimba kifua utadhani risasi nimezinunua mimi.

"Rika langu huyo," nikasema.

Mzee akasogeza kigoda karibu na kioo.

Kijiji kikachomwa. Ghafla mzee akanyoosha kidole. "Rudisha nyuma."

Nilifurahi! Nikarudisha mpaka pale shujaa anapotungua helikopta.

"Oya, siyo huyo," akasema, akikataa kwa Kirundi. "Huko nyuma yake. Yule mama."

Sikuwa nimeona mama yeyote. Nikatazama vizuri. Kwenye moshi, nyuma ya bega la shujaa, alipita mwanamke mwenye godoro kichwani na mtoto mgongoni, akatokomea pembeni mwa kioo. Mzee alitaka kumwona tena, na tena.

"Alivuka?" akaniuliza.

Mdomo ulikuwa tayari kumfundisha kwamba wale ni watu waliolipwa kuigiza, maana mwalimu haachi ualimu. Nilipouona uso wake nikanyamaza. Tuliitazama filamu mpaka mwisho tukimtafuta mama wa godoro. Hakuonekana tena. Shujaa wangu alishinda vita, na hakuna aliyemwangalia.

"Mimi nilitangulia na ng'ombe," mzee akasema. "Nilikuwa na mbio siku hizo. Mke wangu akaja nyuma na godoro na mtoto. Nikamngojea ng'ambo ya mto. Aliyefika ni mtoto tu, mgongoni mwa mtu nisiyemjua. Ndiye huyo yuko jikoni."

Niliona haya mpaka nikatamani laptop izime yenyewe.

"Sasa wewe mwalimu," akaendelea, "siku ikiwa mbaya, utafanya nini?"

Njiani nilikuwa nimekariri maneno makubwa kuhusu nguvu zangu. Yote yaliyeyuka. Jasho lilikuwa limeanza kushusha piko masikioni.

"Mzee, mimi mbio sina," nikasema. "Nitatembea naye tu, polepole."

Akafuta macho kwa kiganja, akageukia mlango wa nyuma na kumwita binti yake aje.

"Rudia," akaniambia. "Mwambie na yeye kwamba mbio huna."