Viazi vya Mama Mkwe

Siku ya pili tangu ang'olewe magego, mama mkwe wangu alirudisha bakuli la uji likiwa limejaa vilevile lilivyokwenda, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwa dhati. Mke wangu alikuwa Kampala, amekwenda kuchukua nguo za duka lake. Mama alikuwa ametoka kijijini kuja kutibiwa meno, na amefikia kwetu, hapa Gudele, mjini Juba. Jirani yetu, mwanamke wa Uganda anayeuza mboga sokoni, ndiye aliyekuwa akimsaidia kuoga asubuhi na kumpelekea uji kabla hajaenda sokoni. Aliniambia uji wa mtama una uchachu, unachoma vidonda, na mama hakutaka hata kuuonja. Kisha akaniachia bakuli mkononi, akaenda zake mpaka jioni.

Daktari wa meno alikuwa ametuambia wazi kwamba dawa zile hazimezwi tumbo likiwa tupu. Mama alizimeza hivyohivyo, akazitapika zote. Jirani alisema shavu limevimba na mwili una joto. Asipokula na dawa zisipokaa tumboni, arudishwe hospitali awekewe maji ya mshipani. Sawa, arudishwe. Na nani? Mimi?

Hapa lazima nieleze. Kwa watu wa mke wangu, na hata kwetu ingawa miaka ya ukimbizini Uganda ilitulegeza kidogo, mume wa binti na mama wa binti hawatazamani. Tukikutana njiani, mmoja anapinda. Hatusemezani, maneno yetu hupitia kwa mke wangu, hata tukiwa katika ua mmoja. Na chakula ndio mwiko mkubwa kuliko yote: yeye hali mahali ninapoweza kumwona, nami sili mahali anapoweza kuniona. Si chuki. Ni heshima, na heshima yetu ina kazi nyingi. Tulimjengea tukul yake upande wa pili wa ua, kibanda kizuri cha mviringo chenye paa la nyasi, na mlango wake tukauelekeza ukutani ili kila mtu apumue.

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Huyu wangu nisingeweza kumwuliza hata kama ningetaka.

Nikampigia mke wangu simu. Tulikuwa na namna yetu: naiwasha simu sauti kubwa, naiingiza ndani ya pazia la mlango wa tukul na kuiweka juu ya stuli, halafu narudi nyuma mpaka kwenye tangi la maji. Wanazungumza kilugha chao, nami nasimama kule kama askari wa getini. Siku hiyo mama alijibu maneno machache tu. Nilipoichukua simu, mke wangu aliniambia mama hataki kusumbuliwa, atakula mwanawe akirudi. Ndege yake ilikuwa ya wiki iliyofuata. Tuliijua sote, na mama aliijua pia.

Mke wangu alijaribu kunituliza, lakini sauti yake ilikuwa inatetemeka kuliko yangu. Kisha akakumbuka kwamba kambini kule Uganda, mama alipougua sana, kitu kimoja tu ndicho kilichopita kooni mwake: viazi vya kuponda, vyenye maziwa na siagi. Akaniagiza nimtengenezee. Viwe laini kabisa, kusiwe na hata donge moja, kwa sababu donge likiingia kwenye kidonda mama hatafungua mdomo tena.

Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Mimi ni mtu wa mizigo, napakia na kupakua uwanja wa ndege, na sijawahi kuogopa sanduku lolote. Lakini niliposhika kisu na vile viazi niliogopa. Nilikuwa najiuliza nitawaambia nini wajomba za mke wangu. Kwamba mama yenu alikufa kwa njaa nyumbani kwangu, nikiwa upande wa pili wa ua nimeshika mwiko?

Viazi ulaya, ambavyo Juba kila mtu anaviita batatis, huletwa na malori ya Uganda, na vingine hufika vimechoka kuliko dereva. Nilichagua vikubwa vyenye ngozi kavu. Nikavichemsha, nikamwaga maji, nikatia maziwa na siagi, halafu nikafanya kile ambacho mikono yangu inakijua. Nikakita sufuria kati ya miguu, nikavisonga. Mimi napika posho nzuri, ule ugali wa mahindi, hata mke wangu anakubali, na posho siri yake ni kutoihurumia. Nilisonga mpaka jasho likanitoka kwenye pua. Nikiona donge, naongeza nguvu. Madonge yalikwisha kweli, lakini mwiko ulipoinuka, viazi viliinuka nao. Vilivutika. Nikaonja, vikanishika meno ya juu na ya chini. Mtu mwenye mdomo mzima angepata shida. Mwenye vidonda angelia.

Nilikasirika, nikaupiga mwiko ule kwenye jiwe la jiko. Nikampigia tena mke wangu, nikamweleza. Akauliza taratibu, "Umesonga kama posho?"

Nikamwambia ndiyo.

"Batatis haisongwi. Inapondwa ikiwa moto, halafu inaachwa. Ukiichokoza sana inakuwa gundi."

Ningecheka, siku nyingine. Nikamwomba anieleze mwanzo mpaka mwisho, naye akaeleza kama anayemwongoza mtu gizani. Nikate vipande vilingane, nisije nikapata vingine vimeiva na vingine vina moyo mgumu. Nianze na maji baridi yenye chumvi. Vikiiva, nimwage maji yote, nirudishe sufuria motoni kidogo mvuke uondoke, kwa sababu kiazi chenye maji hakipokei maziwa. Maziwa nayo yawe ya moto, na siagi iyeyukie humo. Nilikuwa na maziwa ya unga tu. Akasema yatafaa, niyakoroge mazito. Akanionya mwishoni nisikipeleke kikiwa cha moto, kiwe vuguvugu. Alipokuwa akisema neno jingine, simu ikakatika. Nilipojaribu tena, mtandao ulikuwa umekwenda, na katika mtaa wetu mtandao ukiondoka hauagi.

Nikabaki peke yangu na jiko. Makaa yalikuwa yamefifia, nikapepea mpaka majivu yakanijaa nyusi. Nikachemsha viazi vingine kama alivyoagiza. Niliponda kwa kitako cha kikombe cha bati, nikishusha na kuinua tu, bila kuzungusha. Mikono ilitaka kusonga, nikaizuia. Kisha nikachukua chujio la chai la waya, nikapitisha viazi vyote humo kwa mgongo wa kijiko, kidogo kidogo, nikiwaza kwamba mtu aliyelala mle ndani tumbo lake linajila. Mwisho nikamimina maziwa na siagi kama mtu anayetia dawa jichoni. Nikakoroga mara chache, nikaacha. Vikatulia sufuriani, vyeupe vyenye umanjano kwa mbali, na kijiko kilizama bila kuvutana navyo. Nikaonja. Vilikuwa laini hata ulimi haukupata kazi. Nikapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Nikavitia kwenye bakuli, nikafunika na sahani, nikaweka dawa na kikombe cha maji kando yake. Nikabisha hodi, nikageuza uso, nikapitisha mkono ndani ya pazia na kuviweka vyote juu ya ile stuli iliyo mlangoni. Nilikohoa ili ajue ni chakula. Ili asione haya kwa kunisikia uani, nikatoka kabisa, nikafunga geti kwa kelele, nikaenda kusimama barabarani.

Kule barabarani sikutulia. Boda mmoja alinisimamia akidhani nataka usafiri. Nilihesabu moyoni kwamba sasa ameonja, sasa amemeza, sasa ameshika kikombe. Mwenye njaa hana miiko, nilikuwa nikijiambia, lakini aliyetunga methali hiyo hakumjua mama mkwe wangu. Nilizunguka mpaka kwenye kona na kurudi, nikaona nimempa muda wa kutosha.

Pazia lilikuwa halijatikisika. Upepo ulipolisogeza kidogo nikaiona sahani bado iko juu ya bakuli, imekaa vilevile nilivyoiweka. Nilihisi hasira, kusema kweli. Nikamwona mkaidi, anayeniulia jina. Nikataka kumwomba kwa sauti, na sikujua niitoe vipi. Hapo ndipo nikasikia pumzi yake. Ilikuwa nzito, nayo haikutoka kitandani. Ilitoka chini, karibu na mlango.

Nikaingia. Sijui niliamuaje, nilijikuta ndani.

Alikuwa sakafuni, katikati ya kitanda na stuli. Mkono mmoja ulikuwa umeishika shuka, mwingine ulikuwa umenyooshwa kuelekea bakuli, na haukuwa umefika. Hakuwa amekataa chakula changu. Alikuwa amekifuata, kizunguzungu kikamwangusha. Nami niliiweka ile stuli mlangoni kwa ajili ya heshima, mbali na kitanda, mahali ambapo mtu mzima anafika kwa hatua mbili na mgonjwa hafiki. Nilijichukia wakati ule kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Sikuwa na mtu wa kumwita. Nikainama, nikapitisha mikono chini yake, nikamwinua. Alikuwa mwepesi, na alikuwa wa moto. Mwili wake ulikakamaa kwa aibu, na wangu pia. Nikamkalisha kitandani, nikamwegemeza ukutani, nikawa nasema samahani mama, samahani mama, kama nimemwibia. Akajifunika shuka usoni mpaka puani, macho yasionekane. Mdomo tu ndio uliobaki nje, na upande mmoja wa shavu umevimba.

Nikaivuta stuli mpaka kitandani, nikakaa nimelipakata bakuli, nikageuzia uso wangu ukutani. Nikachota. Viazi vilikuwa bado vina uvuguvugu. Nikanyoosha mkono nyuma nilikodhani mdomo uko, na kijiko kikagonga shavu, lile lile bovu. Akaguna. Nikaomba radhi kwa ukuta. Nikajaribu tena, safari hii taratibu, nikahisi midomo ikikipokea kijiko. Nilikaza macho kwenye udongo wa ukuta, nikamsikia akimeza.

Sikuwahi kusikia sauti nzuri kama hiyo. Nikachota haraka, nikijaza, nikanyoosha tena kwa furaha na bila shabaha yoyote. Kijiko kikatua mahali pakavu. Viazi vikadondoka, nadhani begani. Nikaganda pale pale, nisijue nigeuke, nifute au nikimbie.

Ndipo akasema. Alisema kwa Kiswahili chake cha kambini, kwa sauti iliyokwaruza, akiniambia mimi mwenyewe bila mtu katikati.

"Wewe, angalia huku. Sikio haina njaa."

Nikageuka. Alikuwa ameshusha shuka mpaka kidevuni, amefungua mdomo, ananingoja.